Wananiomba koplo wangu miezi sita akafanye utafiti. Nimwachie?

Shikamoo Mama Afande,

Mimi ni mkuu wa kituo kimoja cha polisi hapa Malindi. Kituo sikitaji, na nakuomba nawe usinitaje. Nina miaka 46, sare nimeivaa miaka 22, na hii minne ya mwisho nimeitumikia Pwani. Sijawahi kuandikia safu kama hii. Mke wangu ndiye msomaji wako, na ndiye aliyeniambia kwamba nawe ulikuwa askari, kwa hiyo utanielewa bila mimi kujieleza sana.

Wiki tatu zilizopita nililetewa barua na watafiti wa chuo kikuu kimoja. Wanachunguza maisha ya waraibu wa heroini wanaotibiwa kwa methadoni hapa mjini, hasa yale yanayowapata wanapokamatwa na polisi. Wanaomba afisa mmoja awe mwanagenzi wa utafiti kwao kwa miezi sita. Mshahara wake utaendelea kutoka serikalini. Wao watampa nauli, chakula cha mchana na mafunzo ya wiki mbili za mwanzo. Atajifunza kuhoji watu, kuandika anachosikia na kupanga hesabu, halafu atarudi kituoni. Yule mama anayeongoza kazi hiyo alikuja mwenyewe ofisini akaniambia, "Tumechoka kuandika habari za polisi bila polisi kuwa chumbani." Nilimwomba wiki mbili nifikirie. Zimebaki siku tano.

Kinachonisumbua kwanza ni mtu wanayemtaka. Wanamtaka koplo wangu wa dawati la jinsia, na ndiye mwanamke pekee anayelishika dawati hilo. Akiondoka, mama aliyepigwa usiku akija na mtoto mgongoni atamweleza nani? Atamweleza kijana wa kaunta anayemuuliza kwa sauti mbele ya watu, "Alikupiga wapi?" Nikafikiri niwape konstebo mmoja niliye naye. Ana digrii, lakini kazini ni mtu wa udhuru, leo tumbo, kesho msiba. Nikisema wamchukue huyo, barua nimeijibu na mzigo nimeutua.

La pili ni maneno ya askari. Habari zimevuja na tayari wameanza. Kwamba koplo anaenda kutuchoma kwa IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi. Kwamba akirudi atakuwa na daftari lenye majina yetu. Asubuhi wakati wa kubadilishana zamu hawamsalimii kama zamani, naye ameona.

La tatu hata mke wangu sijamwambia. Watu wanaotumia dawa mji mzima hupita kliniki ile kila asubuhi. Wanajua nani anauza unga, anauzia wapi na saa ngapi. Afisa wangu akikaa pale miezi sita atasikia mambo ambayo mimi nimeyatafuta miaka minne. Nilipomdokezea mkubwa wangu kwa simu alicheka akasema, "Mpeleke, huko ndiko habari ziliko." Nilicheka naye. Nilipokata simu sikujisikia vizuri, na mpaka leo sijajua kwa nini.

Koplo mwenyewe anataka kwenda. Nilimuuliza sababu, akanikumbusha Jumatatu moja. Tulikuwa tunawatoa watu seli kuwapeleka mahakamani. Kijana mmoja alikuwa amejikunja pembeni, jasho linamtiririka, kajitapikia, miguu haishiki chini. Tulidhani ni malaria. Koplo akaenda kufungua bahasha ya vitu vyake. Kwenye orodha, kwa mwandiko wetu wenyewe wa Ijumaa jioni, palikuwa pameandikwa: simu moja, shilingi 200, mshipi mmoja, kadi moja ya hospitali. Kadi ilikuwa ya kliniki ya methadoni. Tuliiandika na kuifungia, na hakuna aliyeisoma.

Nimwachie? Na nikimwachia, nifanyeje nisije nikajuta?

Mkuu wa Kituo, Malindi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne niliacha shida zako zote tatu nikarudi kwenye ile bahasha. Simu moja, shilingi 200, mshipi mmoja, kadi moja ya hospitali. Nami nimeandika orodha kama hizo miaka 31, na naijua ile kasi ya kalamu saa mbili za usiku, watu wamepanga foleni, mmoja amelewa anaimba. Mtu huandika kitu bila kukiona. Kwa hiyo sikulaumu. Ila nataka tukae hapo kidogo kabla ya kwenda kwingine, kwa sababu jibu langu linatoka humo.

Methadoni ni dawa ya maji. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kliniki mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hapa Malindi huduma hiyo ilianza mwaka 2015, muda mfupi baada ya Nairobi. Dozi moja humshikilia mtu siku nzima na zaidi kidogo, halafu mwili huanza kudai. Hiyo ndiyo arosto uliyoiona ukadhani ni malaria: jasho, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kama inavunjwa.

Sasa ichukue Katiba yetu, kifungu cha 49. Mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Sheria hiyo inamlinda mtu, na ni nzuri. Lakini mkamate mtu Ijumaa jioni uone. Dozi ya Ijumaa alikunywa asubuhi. Ya Jumamosi imempita, ya Jumapili imempita, na Jumatatu kesi ikichelewa kuitwa, ya Jumatatu nayo imempita. Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki haiwezi kumrudishia kipimo chake cha zamani bila kumpima upya, maana mwili umeanza kuisahau dawa, na kile kipimo alichokizoea kinaweza kumkata pumzi. Na asipofika kliniki, jioni hiyo hiyo akaenda maskani akajidunga kiasi alichokuwa akijidunga zamani, anaweza kufa. Askari aliyemkamata Ijumaa hakukusudia lolote katika hayo. Alikuwa anafanya msako wa kawaida.

Haya uyajue wewe, ayajue mtu wa kaunta, ayajue na daktari pia. Leo kila mmoja ana kipande chake. Daktari anajua dozi lakini hajui zamu zenu. Wewe unajua zamu lakini hujui dozi. Mtafiti anazijua takwimu za hospitali, ila OB, kitabu chetu cha matukio ya kituo, hajawahi kuifungua, na akiifungua hataelewa vifupisho vyetu wala hatatambua kwamba mistari miwili iliyoandikwa saa kumi alfajiri imeandikwa na mtu aliyechoka. Koplo wako ndiye aliyefungua bahasha. Huyo ndiye mtu wao, nao wanajua walichoomba.

Kwa hiyo mwachie. Na yule konstebo wa udhuru usimpeleke. Nakuelewa, kila mkuu wa kituo ana mmoja ambaye angependa aazimwe milele. Lakini kule hakuna gwaride la kumsukuma. Atakuwa na daftari, kalamu na watu wasiomwamini, na kitakachomfanya awahi asubuhi ni hamu yake ya kujua tu. Asiyekuwa na hamu hiyo atajaza fomu akiwa kivulini, na watafiti wataandika uongo wake kama ukweli. Digrii haizuii hilo.

Dawati la jinsia ni jambo zito na sitaki ulipitie juu juu. Mwanamke aliyekusanya ujasiri wiki nzima akafika kituoni mara moja, akikuta kiti kitupu harudi tena. Omba mwanamke mwingine kutoka kwa kamanda wako wa kaunti ndogo, kwa maandishi, na uwaambie watafiti kwamba uanagenzi hautaanza mpaka huyo mwingine awe ameripoti na kukaa na koplo wiki mbili dawatini. Amkabidhi faili, amjulishe kwa matabibu wanaojaza P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, kwa wazee wa mitaa, kwa akina mama ambao kesi zao ziko mahakamani. Watafiti wakikwambia muda wao hauruhusu, waambie wasogeze tarehe. Hakuna utafiti utakaoharibika kwa kuchelewa mwezi mmoja, lakini kesi ya ubakaji inaharibika kwa kuchelewa siku moja.

Sasa nije kwa lile la tatu, ambalo umeliandika mwisho na kwa maneno machache. Ulihisi vibaya ulipokata simu, na sababu yake mimi naijua.

Nilikuwa sajini katika mji mwingine wa Pwani, zamani, kabla methadoni haijafika nchini. Mradi mmoja wa afya uliomba askari wa kike akae na wahojaji wake, nikapelekwa mimi kwa miezi mitatu. Wiki za mwanzo hakuna aliyenisemesha. Nilikuwa nakaa barazani kwenye mkeka, namsaidia mpishi wao kumenya viazi, mpaka wale vijana wakaanza kunizoea. Mmoja alikuwa mwembamba, na kofia yake ya kufuma haikumtoka kichwani hata jua likiwa kali. Siku moja alikaa karibu yangu, akachukua kisu na kiazi, akaanza kumenya naye. Huku anamenya akanieleza anakolala, alianzaje, na mzigo humfikia vipi. Hakuwa akinipa habari za kipolisi. Alikuwa anazungumza na mtu aliyemsikiliza.

Kila Ijumaa nilikuwa napita kituoni kusaini. Mkubwa wangu akaniuliza, "Za huko? Umeokota nini?" Nami nilitaka aone kwamba sipotezi muda. Sikumtaja kijana kwa jina. Nilitaja kofia, na kona ya mtaa. Jumatatu asubuhi kijana akakamatwa hatua chache kutoka kwenye lile baraza, na wenzake wakinitazama mimi, si wale waliomfunga pingu.

Mkeka ulibaki palepale. Watu hawakuja. Wahojaji walikosa wa kuwahoji, lakini hilo silo lililoniuma. Pale palikuwa na muuguzi aliyewasafisha vidonda vya sindano, na hata kwake hawakuja tena. Vidonda vile huoza, mwanangu. Muuzaji wa mzigo hakupatikana, alihama kona tu. Nimeyabeba hayo mpaka leo, na naandika safu hii kwa sehemu kwa ajili ya yule kijana.

Ndiyo maana nakwambia, ukimwazima koplo wako, mwazime pamoja na masikio yake. Miezi sita hiyo usimuulize chochote alichosikia, hata kwa utani, hata umkute sokoni. Mkubwa wako mjibu kwa barua ya heshima, useme kwamba afisa anakwenda kujifunza utafiti, kwamba hatakusanya taarifa za kijasusi, na kwamba ukitaka habari za wauza unga utaendelea kuzitafuta kwa njia za kituo kama ulivyokuwa ukizitafuta. Andika, usiseme kwa simu. Maneno ya simu hukanushwa.

Kuna mambo ya kukubaliana na watafiti kabla hajavuka mlango wao. Aende bila sare, bila bunduki, bila pingu, bila redio. Silaha irudi ghala na isainiwe. Atoke kwenye kundi la WhatsApp la kituo mpaka atakaporudi, maana ujumbe mmoja wa msako ukiingia kwenye simu yake akiwa amekaa na wagonjwa, atajua jambo ambalo hapaswi kulijua mahali pale, nao watayasoma macho yake. Kila atakayehojiwa aambiwe tangu mwanzo, kabla ya swali la kwanza, kwamba anayemhoji ni afisa wa polisi, na kwamba ana haki ya kuomba mhojaji mwingine au kukataa kabisa bila kupoteza dozi yake. Asimhoji mtu aliyewahi kumkamata. Asimhoji mtu aliye seli, kwa kuwa aliyefungiwa hana uhuru wa kusema hapana.

Halafu kuna swali gumu. Kisheria afisa wa polisi huhesabiwa yuko kazini wakati wowote anapohitajika. Akiambiwa kuna mtoto anayeharibiwa nyumbani, au mtu anayepanga kuua, afanye nini? Hawezi kunyamaza, wala haifai aanze kuamua siku hiyohiyo akiwa ametahayari. Mipaka hiyo iandikwe mapema: yapi atalazimika kuyaripoti, kwa nani, na kwa njia gani. Mhojiwa naye asomewe mipaka hiyo kabla hajafungua kinywa. Kamati ya maadili ya chuo lazima iwe imeliona jambo hili. Waombe wakuonyeshe uamuzi wa kamati pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa sababu chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 utafiti unahitaji leseni, na angalia tarehe isiwe imepita. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na OB yako nayo imejaa majina ya watu, namba za simu, hata ya watoto waliodhulumiwa. Isipigwe picha ikatoka. Kinachohitajika kinakiliwe bila majina.

Nikuambie maoni yangu zaidi? Mweleze yule mama wa chuo kwamba koplo asiwekwe kuwahoji wagonjwa kabisa, au awe wa mwisho kuwafikia. Wahojaji wa kuongea na wagonjwa wanao. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kukaa na askari wa zamu ya usiku wakamwambia ukweli, na mtu wa kuisoma OB mstari kwa mstari. Ni wangapi walikamatwa Ijumaa jioni? Kwa kosa gani? Wangapi wangeweza kupewa dhamana ya polisi na hawakupewa, na kwa nini? Nani alitajwa kuwa na kadi kwenye orodha ya vitu vyake? Hapo koplo atakuwa na thamani kuliko daktari yeyote, na ule mtego ulionitega mimi hautamkaribia. Ruhusa ya kuifungua OB kwa utafiti si yako wala yangu, ni ya makao makuu, kwa hiyo iombwe katika barua utakayowapelekea wakubwa.

Na kwa kweli hata ruhusa ya kumwachia si yako. Umeandika kama vile uamuzi uko mezani kwako siku tano zijazo. Wewe unapendekeza. Barua ipande kwa kamanda wa kaunti ndogo, wa kaunti, hadi Nairobi, na Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi ijue, kwa kuwa Katiba kwa kifungu cha 246 imeipa mamlaka juu ya ajira, vyeo na uhamisho. Hilo lina faida kwa koplo mwenyewe. Ikiandikwa rasmi kwamba amepangiwa kazi hiyo, miezi sita haitakuwa shimo kwenye faili lake siku ya kupandishwa cheo, na akiumia njiani hakuna atakayesema alikuwa katika shughuli zake. Siku tano zako zitumie kumjibu yule mama kwamba umekubali kupendekeza, na kwa masharti gani.

Askari wako wanaosema anaenda kuwachoma, wasikilize bila kukasirika. Hofu yao ni ya kweli hata kama sababu si ya kweli. Waite wote asubuhi, koplo akiwepo, usome barua ya utafiti kwa sauti, yote. Waambie hakuna jina la askari litakaloandikwa. Kuhusu IPOA, ipo kisheria tangu 2011 na mwananchi yeyote anaweza kuipelekea malalamiko, kwa hiyo haihitaji daftari la koplo. Halafu waulize wao wangependa utafiti ujibu nini. Nakuhakikishia mmoja atasema, "Afande, mimi niliwahi kumbeba mmoja mpaka hospitali usiku mikononi, hakuna gari, na hakuna aliyeniambia nifanyeje." Swali hilo liandike umpe koplo aende nalo.

Wengine watakuuliza utafiti unahusu nini polisi. Waeleze habari za Minneapolis, Marekani, mwaka 1981 na 1982. Polisi wa kule walikubali kujaribu: wakiitwa kwenye ugomvi wa mume na mke ambao haukuwa na majeraha makubwa, wamkamate mpigaji, au wamwondoe nyumbani saa chache, au wawape ushauri tu? Kila askari alipewa kitabu cha fomu za rangi tatu zilizochanganywa, na rangi iliyokuwa juu ndiyo iliyomwambia la kufanya. Zilichambuliwa kesi 314. Waliokamatwa walirudia kupiga kwa uchache kuliko wengine, na sheria za majimbo mengi zikabadilika. Baadaye miji mingine ikarudia jaribio hilo, na majibu hayakufanana. Penginepo kumkamata mtu kulipunguza vipigo, penginepo, hasa kwa wasiokuwa na kazi, kuliviongeza. Koplo wako wa dawati la jinsia atakuelewa haraka. Zile fomu zilishikwa na askari wa doria, si na maprofesa. Na ukweli wa Minneapolis ulishindwa kuhamia mji mwingine wa nchi hiyohiyo, sembuse Malindi. Ya mitaa yako ya Maweni na Kisumu Ndogo itabidi yahesabiwe Maweni na Kisumu Ndogo.

Limebaki la kurudi kwake, na hapa nakuomba sana. Mimi niliporudi nilipangiwa kizuizi cha barabarani wiki iyohiyo. Daftari langu nililiweka sandukuni, na hakuna aliyeniuliza liko wapi. Usimfanyie koplo hivyo. Kabla hajaondoka, andika siku ya kurudi na siku ya kuwasomea wenzake alichokiona, saa nzima, hata kama kuna yatakayokuuma wewe. Akisema orodha ya vitu vya mahabusu iongezwe mstari mmoja unaouliza, "Je, unatumia dawa yoyote kila siku? Kliniki gani?" basi mstari huo uongezwe siku hiyo. Akisema mtu wa methadoni aliyekamatwa kwa kosa dogo apewe dhamana ya polisi aende akanywe dozi arudi mahakamani Jumatatu, kaeni na mwendesha mashtaka mlizungumze. Akisema kliniki iwape namba ya simu ya kupigiwa usiku, ibandikwe ukutani kaunta, kwa maandishi makubwa.

Tena mwanangu, usingoje miezi sita. Leo ukimaliza kusoma haya, shuka kaunta. Ni Ijumaa ya ngapi imepita tangu ile ya kadi? Fungua OB ya Ijumaa zote hizo, chukua karatasi, uhesabu mwenyewe waliobaki mpaka Jumatatu. Halafu mwite koplo, umuonyeshe karatasi hiyo kabla ya kumuonyesha barua.

Mama Afande